Nani anaimba, na yule wa nyuma ni nani? Dhana potofu kuhusu ngoma za picha za Kihindi

Wapenzi wa picha za Kihindi za zamani hatuishi kubishana: wimbo huu kaimba nani, na yule msichana wa mstari wa pili si ndiye fulani? Ubishi ni mtamu, lakini majibu mengi yanayozagaa hayana ukweli. Wanaodhulumiwa ni wasanii ambao mara nyingi hata majina yao hayakuandikwa mwanzoni mwa picha.

Eti kila sauti tamu ya kike ni ya Lata

Kwamba waigizaji waliimbiwa na waimbaji wengine, wao wakichezesha midomo tu, hilo wengi wanalijua. Wanapokosea ni kumpa mwimbaji Lata Mangeshkar kila wimbo. Chukua picha ya Howrah Bridge ya 1958. Mchezaji Helen anacheza "Mera Naam Chin Chin Chu", na sauti ni ya Geeta Dutt. Ndani ya picha hiyohiyo mwigizaji Madhubala anawapokea wageni wa klabu kwa "Aaiye Meherbaan", na hapo anayeimba ni Asha Bhosle. Lata hayumo. Muziki ni wa O. P. Nayyar, mtunzi aliyejulikana kwa kutomtumia Lata kabisa katika nyimbo zake. Basi ukishajua kwamba mtunzi ni Nayyar, jina la Lata lifute, kisha sikiliza kama ni Geeta au Asha. Kwangu mimi, kumjua mtunzi kunasaidia kuliko kukodolea macho midomo ya mwigizaji.

Kwa wanaume ni hivyohivyo. Watu husema sauti ya mwigizaji Raj Kapoor ni ya mwimbaji Mukesh, basi. Ni kweli Mukesh ndiye aliyemwimbia "Mera Joota Hai Japani" katika Shree 420 ya 1955. Lakini ule wimbo wa mvua na mwavuli, "Pyar Hua Ikrar Hua", wa picha hiyohiyo, umeimbwa na Manna Dey, na hapo Lata yupo kweli, akimwimbia mwigizaji Nargis.

Eti mchezaji wa "Jaan Pehechan Ho" ni Helen

Kosa hili linaniuma zaidi. Wimbo huo wa Gumnaam, picha ya 1965, ulipata mashabiki wapya ng'ambo baada ya kutumika mwanzoni mwa filamu ya Kimarekani Ghost World mwaka 2001. Kwa kuwa Helen naye ana nafasi katika Gumnaam, watu wanaunganisha mambo haraka. Yule dada aliyefunika macho kwa kinyago, anayetikisa kichwa na mabega utadhani shingo haina mfupa, ni Laxmi Chhaya. Sauti ni ya Mohammed Rafi, ambaye humwoni popote jukwaani, na muziki ni wa Shankar na Jaikishan. Laxmi Chhaya alistahili umaarufu mkubwa kuliko alioupata, na kumpa mwenzake sifa za kazi yake bora ni kumpokonya hata hicho kidogo.

Eti nyota huzuka siku ya wimbo wake mkubwa

Helen huyohuyo, mzaliwa wa Burma ambaye familia yake ilikimbilia India kwa miguu wakati wa vita, hakuanza na "Chin Chin Chu". Mchezaji maarufu Cuckoo ndiye aliyemtafutia kazi, na mwaka 1951 tayari alikuwa miongoni mwa wachezaji wa kundi katika Awaara. Alikuwa bado mtoto.

Na katika ile "Aaiye Meherbaan", macho yote yakiwa kwa Madhubala, miongoni mwa wachezaji wa nyuma yumo mtoto aitwaye Saroj Khan. Miaka 30 baadaye ndiye aliyempangia Madhuri Dixit miondoko ya "Ek Do Teen" katika Tezaab ya 1988. Ngoma hiyo ilivuma hata Filmfare, jarida la filamu la India linalotoa tuzo, wakaanzisha tuzo ya wapangaji wa ngoma, na yeye akawa wa kwanza kuipokea. Tena, kati ya wale watoto watatu wanaopita mvuani katika Shree 420, mdogo kabisa ni Rishi Kapoor, mwana wa Raj aliyekuja kuwa nyota naye.

Ila usitangaze jina kwa kufanana sura tu kwenye nakala yenye ukungu. Kwanza piga hesabu ya umri: huyo unayemdhania alikuwa na miaka mingapi picha ilipotengenezwa?

Eti tuni imetoka pale ulipoisikia kwanza

Kijana aliyekua akisikiliza Black Eyed Peas, kundi la muziki la Kimarekani, akisikia "Yeh Mera Dil" anaweza kuapa kwamba Wahindi wameiga. Wimbo huo, ulioimbwa na Asha na kuchezwa na Helen, umo katika Don ya 1978. Wamarekani hao ndio waliouchota, mwaka 2005.

Pwani yetu nayo ina lake. Juma Bhalo wa Mombasa alijulikana sana kwa kuweka mashairi ya Kiswahili juu ya tuni za picha za Kihindi, kwa hiyo wapo wanaoifahamu tuni kama taarabu, na wakikutana nayo kwenye filamu ya zamani wanadhani imetoka kwetu. Mashairi ni yetu kweli, na ni mazuri; kwa tuni, tazama kwanza mwaka wa picha.

Eti zile tarumbeta za nyimbo hizi zimetoka kwenye sahani za santuri za Kizungu, zikabandikwa

Zilipigwa hukohuko Bombay, na wengi wa wapigaji walikuwa Wagoa, watu wa Goa huko magharibi mwa India, waliozoea jazi ya mahotelini. Mmoja wao, Sebastian D'Souza, ndiye aliyepanga ala za Shankar na Jaikishan kwa miaka mingi, na Nayyar pia alifanya naye kazi.