Kwa nini sanduku la kikoba lina kufuli tatu?

Ukikatiza uswahilini Jumapili alasiri, si ajabu kukuta akina mama ishirini wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, wameketi duara juu ya mikeka, katikati yao kuna kisanduku cha chuma na hakuna anayekigusa. Aliyekibeba kutoka kwake hana ufunguo hata mmoja. Mwenyekiti naye hana. Wanaosubiriwa ni wanachama watatu wa kawaida, wasio na cheo chochote, kila mmoja na ufunguo wake umefundikwa kwenye pindo la khanga. Watatu hao wasipotimia, siku hiyo sanduku halifunguki.

Wengi hudhani kufuli zile ni za kumzuia mwizi. Mwizi gani huyo? Kisanduku chenyewe kinabebeka kwapani. Akishakipata atakwenda kukipasua kwa nyundo huko mbele ya safari. Kufuli zinamlenga mtu wa ndani, na zaidi ya mtu, zinalenga kudhaniana vibaya. Ndiyo maana humo hazifungiwi fedha tu, bali na vitabu vya hisa pia, ambamo kila hisa anayonunua mwanachama hugongewa mhuri. Kitabu kikilala kwa katibu, mhuri mmoja wa ziada hauna shida kuugonga.

Utaratibu huu ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, katika mradi wa shirika la CARE uliofanya kazi na wanawake wa vijijini. Kutoka huko ukaenea nchi nyingi za Afrika, na kwetu Tanzania ukazaa vikundi tunavyoviita VICOBA. Wengi wa wanawake wale wa mwanzo hawakujua kusoma, na hapo ndipo penye jambo linalonivutia kuliko kufuli zenyewe: hesabu iliwekwa kichwani. Kabla ya kufunga kikao, salio linatangazwa kwa sauti na kila mtu anaambiwa alishike. Kikao kinachofuata, kabla fedha hazijahesabiwa, wanachama wanaulizwa: tuliacha kiasi gani? Wanajibu wao, kisha fedha zinamwagwa kwenye bakuli na wahesabu fedha wawili wanazihesabu mbele za watu. Bibi asiyejua kusoma anamkagua katibu aliyemaliza kidato cha nne, tena bila kumkosea adabu.

Sasa kama funguo hana, fedha hazigusi na hesabu inajulikana na wote, mwenyekiti kazi yake nini? Kazi ipo, na nyingine haimo kwenye katiba ya kikundi. Nilipokuwa kwenye kikoba, mwenyekiti wetu alichelewa siku moja kwa dakika kama kumi, mvua ilikuwa imekatiza daladala. Hakuna aliyethubutu kumdai. Alifika amelowa, akafungua mkoba kabla ya salamu, akatupa faini yake kwenye bakuli, kisha ndipo akauliza habari zetu. Tangu siku ile sikuwahi kusikia mtu akibishana kuhusu faini.

Jingine ni marejesho. Mkopo unaombwa hadharani, kiasi na shughuli vinatajwa, na mara nyingi hauzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Mtu akikwama kurejesha, hadhara hiyohiyo inageuka fedheha. Mwenyekiti mzuri hulijua hilo mapema. Humpitia mwenzake nyumbani katikati ya wiki, wakaongea, akajua kama ni biashara imekufa au ni mtoto amelazwa, na kama ni mtoto, kikundi kina mfuko wa jamii kwa ajili hiyo. Jumapili jambo linapofika kikaoni, tayari lina njia ya kutokea.

Lakini wema nao una hatari zake. Kikundi kimoja nilichokijua kilimpenda mno mwenyekiti wake. Washika funguo wakaanza kuchoka: mara huyu kasafiri, mara yule ana msiba. Funguo zote tatu zikaishia kwenye mkoba wa mama huyo. “Si tunamwamini?” Siku ya kuvunja kikoba ilipofika, mwezi Desemba, watu wakiwa na hamu ya kugawana, fedha hazikutimia. Pengo halikuwa kubwa. Hakuna aliyeweza kusema ameiba, na yeye hakuwa na namna ya kuonyesha kwamba hakuiba. Alilipa kutoka mfukoni mwake, na minong’ono ikaendelea vilevile. Kumbe kufuli zile zilikuwa zinamlinda yeye kuliko zilivyolinda fedha.

Mwaka uliofuata walianza mzunguko mpya, wakamchagua tena kwa kura chache. Kikao cha kwanza alikuja na kufuli tatu mpya, bado zina karatasi za dukani, akagawa funguo zote akiwa bado amesimama.