Mikataba ya kimataifa, zabuni na migogoro: dhana zinazowagharimu wafanyabiashara wa Mombasa

Kontena linaloshushwa Kilindini huwa limebeba mikataba minne au mitano: wa mauzo, wa uchukuzi wa baharini, wa bima, wa benki, na ule wa wakala wa forodha. Wengi wanaoitia sahihi hawakuwahi kufundishwa kuisoma. Mafunzo ya mikataba, zabuni na migogoro yapo, mazuri na mabovu, na zipo imani ambazo mtu huingia nazo darasani akatoka nazo vilevile kwa sababu hakuna aliyezigusa. Hizi hapa ndizo tunazoona zinaumiza zaidi.

Dhana: "Nimenunua CIF Mombasa, kwa hivyo mzigo uko mikononi mwa muuzaji mpaka ufike Mombasa."

Ukweli: Hapana. Chini ya CIF (gharama, bima na nauli) muuzaji hulipa nauli na bima mpaka Mombasa, lakini hatari huhamia kwa mnunuzi pale mzigo unapokuwa umeshapakiwa melini katika bandari ya kutokea. Ukiharibika katikati ya Bahari ya Hindi, hasara ni ya mnunuzi wa Mombasa, naye atabaki kuidai kampuni ya bima ambayo hakuichagua. Na bima yenyewe ni ya kiwango cha chini. Incoterms 2020, kanuni 11 za kugawana gharama na hatari kati ya muuzaji na mnunuzi, CIF ikiwemo, zinazotolewa na Chama cha Kimataifa cha Biashara (ICC), zinamtaka muuzaji wa CIF akate bima ya Clauses C tu (masharti finyu zaidi ya bima ya shehena). Hiyo hulipa kwa moto, meli kuzama, kukwama au kugongana. Wizi hailipi. Maji ya bahari yakiingia ndani ya kontena, hailipi pia. Bima kamili ya Clauses A ni ya lazima kwa muuzaji aliyeuza CIP (uchukuzi na bima vimelipwa mpaka mahali palipotajwa), si CIF.

Kuna jambo jingine ambalo mwagizaji wa Kenya hawezi kulikwepa. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Bima kinataka bima ya shehena inayoagizwa ikatwe kwa kampuni za humu nchini, na tangu Januari 2017 serikali imekuwa ikilisimamia hilo. Ukinunua CIF waweza kulipia bima mara mbili. Njia safi ni kununua CFR (muuzaji hulipa nauli ya meli, bima ni yako) kwa shehena ya kichele kama ngano au klinka ya saruji, na CPT (muuzaji hulipa uchukuzi, bima ni yako) kwa makontena, kisha ukate bima yako hapa ukiwa umesoma unachokata. Hakikisha bima imeanza kufanya kazi kabla mzigo haujaondoka kwa muuzaji, kwa sababu kwenye CPT hatari inakuhamia tangu mzigo unapokabidhiwa mchukuzi wa kwanza.

Kwa wanaouza nje, chai hasa, kosa la kawaida ni kuandika FOB Mombasa (hatari ni ya muuzaji mpaka mzigo uwe melini) kwa mzigo wa kontena. FOB, FAS, CFR na CIF zilitungwa kwa mzigo unaokabidhiwa kando ya meli au juu yake. Kontena hukabidhiwa kwenye yadi, likasubiri meli. Siku zote hizo muuzaji wa FOB bado anabeba hatari ya mzigo ambao hawezi hata kuukaribia. Kwa FCA (kukabidhi kwa mchukuzi) hatari yake inaisha anapoukabidhi. Wauzaji walikuwa wakiiogopa FCA kwa sababu benki hudai hati ya shehena inayoonyesha mzigo uko melini. Toleo la 2020 limeruhusu pande mbili zikubaliane kwamba mnunuzi amwagize mchukuzi ampe muuzaji hati hiyo. Lakini lazima mliandike, halijiingizi lenyewe.

Andika kanuni kwa ukamilifu: jina la kanuni, mahali mahususi, na mwaka wa toleo. Na ukumbuke kwamba Incoterms hazisemi umiliki unahama lini, malipo ni lini, wala mkigombana mtaenda wapi. Hayo yanahitaji vifungu vyake.

Dhana: "Nikilipa kwa LC (ahadi ya benki kumlipa muuzaji akileta hati zilizotajwa), benki itanilinda nisiletewe mzigo mbovu."

Ukweli: Benki haioni mzigo, inaona karatasi. Kanuni za ICC kuhusu LC, ziitwazo UCP 600, zinazotumika tangu Julai 2007, zinasema wazi kwamba benki hushughulika na hati na si bidhaa. Ina siku 5 za kazi kuzikagua. Hati zikilingana na masharti, italipa hata kama ndani ya kontena mna mawe. Ulinzi wako uko kwenye orodha ya hati unazodai: ongeza cheti cha ukaguzi, mtaje mkaguzi huru kwa jina, sema ukaguzi ufanyike kabla ya kupakia, na cheti kionyeshe namba ya kontena na ya lakiri. Mkiandika "cheti cha ubora" tu, muuzaji anaweza kujiandikia cheti hicho mwenyewe.

Dhana: "Barua ya ushindi imefika, zabuni ni yangu."

Ukweli: Hapa ndipo watu hukopa, huajiri na hununua vifaa mapema, kisha wakalia. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015, kifungu cha 135, inasema hakuna mkataba mpaka pande zote mbili zitie sahihi mkataba wa maandishi. Na haziruhusiwi kutia sahihi kabla siku 14 hazijapita tangu barua itolewe. Siku hizo 14 zimewekwa kwa ajili ya aliyeshindwa. Akipeleka ombi kwa Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma, PPARB, mchakato wote unasimamishwa. Bodi ina siku 21 za kuamua. Asiyeridhika ana siku 14 kwenda Mahakama Kuu, nayo ina siku 45. Wakati huohuo uhai wa zabuni unazidi kuisha: mkataba lazima utiwe sahihi zabuni ikiwa hai, na muda wake huongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 30.

Kwa upande wa aliyeshindwa, imani mbaya zaidi ni kwamba kwanza aandike barua ya malalamiko kwa ofisi ya ununuzi, asubiri ajibiwe kwa upole, kisha ndipo afikirie Bodi. Barua haisimamishi saa. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa, na siku ya 15 mlango umefungwa hata kama haki yote iko upande wako. Kampuni ya Mombasa inayosubiri mpaka siku ya 12 kumtafuta wakili imejinyima nafasi ya kuandaa hati za maana. Barua ya kushindwa yenyewe ni ya kusomwa kwa makini, kwa sababu sheria inataka itaje sababu za kukataliwa. Kama haikutaja, hiyo nayo ni hoja.

Halafu kuna "bei ya chini hushinda." Hushinda bei ya chini *iliyotathminiwa*, miongoni mwa wale waliopita hatua za mwanzo. Wengi hawafiki hata kwenye bei. Kifungu cha 74 kinadai kurasa zote za zabuni zipewe namba kwa mfuatano. Ukurasa mmoja wa katalogi usio na namba umeshawaangusha wazabuni hodari. Dhamana ya zabuni inayoisha siku moja kabla ya tarehe iliyodaiwa ni sawa na kutokuwa na dhamana. Na kosa la hesabu kwenye jumla uliyoandika halirekebishwi: kifungu cha 82 kinafanya jumla iliyosomwa siku ya kufungua zabuni kuwa ya mwisho.

Sheria hii pia haifuniki kila kitu. Ununuzi chini ya makubaliano kati ya serikali ya Kenya na serikali au shirika la nje una utaratibu wake, na miradi mikubwa ya bandari na reli huangukia huko mara nyingi. Kuhusu SGR, reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2020 kwamba ununuzi wake ulikiuka sheria. Mahakama ya Juu mwaka 2023 ikaamua kwamba ulikuwa wa serikali kwa serikali, hivyo ulisamehewa. Mkandarasi mdogo anayetaka kazi kwenye mradi wa namna hiyo aanze kwa kuuliza: ni kanuni za nani zinazotumika hapa?

Dhana: "Tukiandika kwamba mgogoro utaenda kwa usuluhishi, inatosha."

Ukweli: Haitoshi hata kidogo. Usuluhishi hapa ni kumpa msuluhishi mliyemteua aamue mgogoro badala ya mahakama. Kifungu kinachofanya kazi kinataja mambo matano: kanuni za taasisi ipi, makao ya kisheria ya usuluhishi ni mji gani, wasuluhishi wangapi, lugha, na sheria inayotawala mkataba. Makao ndiyo yanayoamua mahakama za nchi ipi zitasimamia shauri. Mnaweza kuketi Nyali kusikiliza mashahidi huku makao yakiwa London, na anayetaka kupinga uamuzi atalazimika kwenda London. Wasuluhishi watatu kwa mgogoro wa shilingi milioni 3 ni kuchoma pesa, andikeni mmoja.

Faida ya usuluhishi kwa mfanyabiashara wa pwani iko kwenye utekelezaji. Kenya ilijiunga na Mkataba wa New York wa 1958, unaohusu kutambua maamuzi ya wasuluhishi wa nchi nyingine, mwaka 1989. China imo tangu 1987, Falme za Kiarabu tangu 2006. Uamuzi wa msuluhishi uliotolewa huko unaweza kutambuliwa hapa, na wa hapa huko. Hukumu ya mahakama haina njia hiyo pana: sheria ya Kenya ya kutekeleza hukumu za kigeni inataja nchi chache, zikiwemo Uganda, Tanzania, Rwanda, Zambia na Uingereza. China na Dubai hazimo. Kwa hivyo kuandika "mahakama za Mombasa pekee" katika mkataba na muuzaji wa Guangzhou kunaonekana ni ushindi, lakini hukumu utakayopata huenda isikusaidie mahali mali yake ilipo.

Na ukishtakiwa mahakamani ilhali mkataba wako una kifungu cha usuluhishi, Sheria ya Usuluhishi ya 1995, kifungu cha 6, inakutaka uombe kesi isimamishwe kabla ya kujitokeza rasmi kwenye shauri au wakati huohuo. Wakili akikimbilia kuwasilisha utetezi kwanza, haki hiyo huwa imekwenda. Anayetaka kupinga uamuzi wa msuluhishi naye ana miezi 3.

Upatanishi ni kitu kingine. Mpatanishi haamui, anawasaidia mkubaliane. Kuweka siku 30 za upatanishi kabla ya usuluhishi ni jambo jema, mradi mkataba useme siku hizo zinaanza kuhesabiwa lini.

Dhana: "Wanajua tatizo, tuliwaambia kwenye mkutano."

Ukweli: Kujua si notisi ya dai. Mikataba ya ujenzi ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inampa mkandarasi siku 28 tangu alipofahamu au alipopaswa kufahamu tukio, atoe notisi ya maandishi. Akipitisha, anapoteza muda wa ziada na malipo pia. Kumbukumbu za mkutano na ujumbe wa WhatsApp kwa mhandisi si vitu vya kutegemea ikiwa mkataba unataja barua na anwani. Notisi haihitaji hesabu kamili. Inahitaji tukio, tarehe na kifungu. Hesabu hufuata baadaye, ndani ya siku 42 kwa toleo la 1999 na 84 kwa lile la 2017.

Kwa shehena muda ni mkali zaidi. Hati nyingi za shehena hufuata Kanuni za Hague au Hague-Visby, kanuni za kimataifa za uchukuzi wa baharini. Uharibifu unaoonekana uandikwe wakati wa kupokea mzigo, usioonekana ndani ya siku 3, na kesi dhidi ya mwenye meli ifunguliwe ndani ya mwaka mmoja. Ile miaka 6 ya madai ya mkataba ambayo watu huikariri haikuokoi hapa.

Dhana: "Rushwa ni kesi ya polisi, mkataba unabaki mkataba."

Ukweli: Mwaka 1989 kampuni ya World Duty Free ilipata mkataba wa maduka yasiyo na ushuru katika viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa. Baadaye iliishtaki Kenya mbele ya ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji. Katika ushahidi wa upande wake wenyewe ikajulikana kwamba dola milioni 2 zilitolewa ili mkataba upatikane. Oktoba 2006 baraza la wasuluhishi likatupilia mbali madai yote. Na si rushwa pekee: karibu zaidi na hapa, kampuni ya Cortec ilidai fidia kwa leseni ya madini ya Mrima, Kwale. Mwaka 2018 baraza lilisema leseni haikupatikana kwa kufuata sheria za Kenya, tathmini ya mazingira ikiwemo, hivyo hakukuwa na uwekezaji wa kulindwa.

Dhana: "Nikipata cheti, nimepata leseni."

Ukweli: Kwa kazi ya ununuzi nchini Kenya, leseni ya kufanya kazi hutoka KISM, taasisi ya Kenya ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, chini ya sheria ya mwaka 2007. Cheti cha CIPS, taasisi ya ununuzi na ugavi ya Uingereza, kinaheshimika, lakini hakichukui nafasi yake. Kwa usuluhishi ni kinyume: hakuna leseni ya serikali, ila ngazi za uanachama za CIArb, taasisi ya wasuluhishi yenye asili ya Uingereza, kuanzia mshiriki, mwanachama hadi fellow, ndizo wateja wanaziangalia. Wala si uwanja wa mawakili pekee. Wahandisi, wakadiriaji majengo na watu wa meli huteuliwa kwa sababu wanaielewa kazi yenyewe.

Unapochagua kozi, omba ratiba ya kila saa kabla hujalipa. Iwe na zoezi la kuandika notisi ya dai na kurudishiwa ikiwa na masahihisho, zoezi la kuhesabu siku za kukata rufaa kwa kalenda halisi yenye sikukuu, na la kutathmini zabuni tatu zenye kasoro zilizofichwa. Uliza mkufunzi amewahi kuketi upande gani wa meza. Na uliza kama unaweza kuja na mkataba wa ofisini kwako, majina na bei vikiwa vimefutwa, usomwe kifungu kwa kifungu darasani.