Kifurushi cha programu ni nini, na kinakomea wapi kwenye seva ya barua pepe

Kifurushi cha programu ni faili lililobeba programu iliyo tayari kutumika, pamoja na maelezo yanayoiwezesha kompyuta kuisakinisha, kuisasisha na, siku ukiichoka, kuing'oa bila kuacha mabaki. Maelezo hayo ndiyo yanayolitofautisha na faili la kawaida lililobanwa. Programu huria yenyewe unaweza kuipata kwa aliyeiandika. Unachopata zaidi kwenye kifurushi ni uamuzi wa mtu aliyekaa akafikiria iwekwe wapi, iendeshwe na nani, na iambatane na nini.

Uamuzi huo huonekana waziwazi mtu anapotaka kujiendeshea barua pepe yake mwenyewe, kwa sababu seva ya barua pepe si programu moja. Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998, hupokea barua na kuzipeleka. Dovecot, iliyoanzishwa na Timo Sirainen, hutunza masanduku na kuyafungulia simu au kompyuta yako. Rspamd huchuja barua taka, na OpenSSL husimba mawasiliano. Walioziandika hawakukaa meza moja, wala hawapangiani tarehe za kutoa matoleo. Bila vifurushi ungepakua msimbo wa kila moja, uukompaili (yaani uugeuze kuwa programu inayoendeshwa), uhangaike na maktaba za msimbo zinazokosekana, halafu urudie zoezi zima kila pengo la usalama linapotangazwa. Wapo wanaofanya hivyo hata leo kwa raha zao. Mimi si mmoja wao.

Chukua faili la .deb, la aina inayotumiwa na mifumo ya Linux ya Debian na Ubuntu, ulifungue. Ndani mna vitu vitatu: faili dogo la debian-binary linalotaja toleo la muundo, kisha control na data. Data ni programu yenyewe, kila faili na njia yake kamili. Control ndiyo yenye utamu. Humo mna jina la kifurushi, toleo, mtunzaji wake, vifurushi vinavyohitajiwa, vile visivyopatana navyo, na hati fupi za kuendeshwa kabla na baada ya kusakinisha au kuondoa.

Sasa andika apt install postfix (apt ndiyo programu ya kusakinisha vifurushi) kwenye mashine ambayo tayari ina Exim, programu nyingine ya kupokea na kupeleka barua. Kabla ya kugusa chochote, apt inakutaarifu kwamba Exim itaondolewa. Kila kimoja kati ya vifurushi hivyo viwili kimetangaza kwamba kinatoa huduma ya mail-transport-agent, yaani msafirishaji wa barua, na kwamba hakikai nyumba moja na mwenzake, maana kila kimoja kinakuja na faili lake la /usr/sbin/sendmail, na wote wanataka kusikiliza poti 25, mlango ambao seva hupelekeana barua. Ukikubali, inakuja skrini ya maswali: je, mashine hii itaongea na intaneti moja kwa moja, itapitishia barua kwa seva nyingine, au itashughulikia barua za ndani tu? Inauliza pia jina la barua la mfumo, na jibu lako linaandikwa kwenye /etc/mailname. Baada ya hapo hati ya kifurushi inatengeneza mtumiaji anayeitwa postfix, asiye na mamlaka ya kuharibu mashine nzima, na huduma inawashwa. Yote hayo yaliamuliwa na mtunza kifurushi, ambaye mara nyingi ni mtu wa kujitolea na wala si mwandishi wa programu.

Mtunzaji huyohuyo ndiye anayewachanganya wageni wengi kwenye suala la matoleo. Kwenye Debian ya toleo thabiti, namba ya programu hairuki kila mwandishi anapotoa mpya. Pengo la usalama likigunduliwa, kiraka chake hurudishwa nyuma na kubandikwa kwenye toleo lilelile la zamani. Kwa hiyo mtu anaangalia namba, anaiona imechakaa, anakimbilia kusakinisha kutoka kwingine, kumbe aliyokuwa nayo ilishazibwa. Ukishatoka nje ya hazina rasmi, yaani ghala la vifurushi la Debian, namna hiyo, masasisho ya usalama yanakuwa mzigo wako.

Kuna pia suala la kuaminiana. Apt haiiamini seva inayokupakulia, inaiamini saini. Orodha ya vifurushi husainiwa kwa ufunguo wa Debian, na alama ya SHA256 ya kila faili (mfano wa alama ya kidole) hulinganishwa na orodha hiyo. Saini inathibitisha kifurushi kimetoka wapi. Haithibitishi kwamba msimbo wake ni msafi. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alishuku jambo baada ya kuona kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akachimba mpaka akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Sehemu ya hila hiyo ilikuwa kwenye faili la toleo lililotolewa kwa watunza vifurushi, haikuwamo kwenye hazina ya msimbo iliyo wazi kwa wote. Vifurushi vilivyoathirika viliingia Debian ya majaribio, ila toleo thabiti halikuguswa. Ule ukongwe wa matoleo unaolalamikiwa kila siku ulikuwa kinga.

Tuseme basi kila kitu kimesakinishwa na barua zinaingia. Hapo ndipo kazi ya kifurushi inapokoma, kwa sababu mamlaka yake yanaishia kwenye ukingo wa mashine yako. Rekodi ya MX inayowaelekeza wengine kwako iko kwenye DNS, daftari la intaneti la majina na anwani. Rekodi ya PTR, inayoirudisha anwani ya IP kwenye jina lako, kwa kawaida iko mikononi mwa aliyekukodishia seva. SPF inatangaza ni seva zipi zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni yako, DKIM inasaini barua, na DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini uthibitisho ukishindikana. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka hata mtumaji mdogo awe na SPF au DKIM pamoja na PTR iliyo sawa, na anayeipelekea barua 5,000 au zaidi kwa siku lazima awe na SPF, DKIM na DMARC. Watoa huduma wengi huziba poti 25 ya kutokea. Na kama anwani uliyopewa ilitumiwa na mtu wa barua taka kabla yako, hakuna apt install ya kuisafisha sifa yake.

Mail-in-a-Box, mailcow na YunoHost zinasogeza ukingo huo kidogo. Zinakusanya programu za aina hiyo pamoja na maamuzi mengi zaidi, na Mail-in-a-Box inaendesha hata DNS yake yenyewe. Sifa ya anwani ya IP inabaki kazi yako. Kwa anayeanza, ningesema apokee barua kwenye seva yake na kutuma apitishie kwa seva yenye jina zuri, mpaka atakapozoea. Hofu ya seva kuzimika usiku mmoja imetiwa chumvi: seva ya anayekuandikia, ikiwa ni Postfix kwa mfano, hujaribu tena kwa siku 5 kabla ya kumrudishia mtumaji barua yake. Na usidanganyike kwamba faragha imekamilika. Ukimwandikia mtu wa Gmail, nakala yake iko kwa Google.

Kuhusu nakala za akiba, gawanya vitu viwili. Vilivyotoka kwenye vifurushi havihitaji kuhifadhiwa, kwani orodha inayotolewa na amri ya dpkg --get-selections inatosha kuvirudisha. Hifadhi masanduku ya barua, mipangilio iliyo chini ya /etc, na ufunguo wa siri wa DKIM popote programu yako inapouweka. Huo wa mwisho ukipotea si msiba: unatengeneza mwingine, unabadilisha rekodi ya DNS, na unasubiri dunia iisome upya.