Barakoa ya vumbi kwenye karasha: ipi inakinga, ipi haikingi

Ukifika kwenye mialo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, yaani sehemu za kusagia na kuoshea mawe ya dhahabu, wakati karasha zinasaga mawe makavu, utawakuta vijana wamejifunga fulana puani. Wengine wamevaa barakoa nyepesi za hospitali. Wanajua vumbi lina madhara, ndiyo maana wamejifunika. Lakini chembe zinazoharibu mapafu zinapita kwenye vitambaa hivyo, na nyingine zinaingilia pembeni.

Vumbi zito unaloliona likitua kwenye nguo hunaswa puani na kooni, nawe ukalipenga au ukalitema. La kuogopwa ni lile jembamba, lenye chembe za chini ya maikroni 10 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na hasa zile za chini ya maikroni 4. Unywele wa mtu una unene wa takriban maikroni 70. Chembe ndogo kiasi hicho hukaa hewani kwa saa nyingi, hata mashine ikishazimwa na mahali pakaonekana pasafi. Mawe ya dhahabu mara nyingi ni ya kwatzi, na kwatzi ni aina ya madini yaitwayo silika. Silika ikifika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, mwili unashindwa kuiondoa na mapafu yanaanza kuota makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna tiba, na makovu yanaweza kuendelea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi. Silika pia huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu, na tangu mwaka 1997 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeiorodhesha miongoni mwa vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo unaponunua barakoa, soma maandishi yaliyo juu yake kabla ya kuuliza bei. Zinazofuata kiwango cha Ulaya, EN 149, ziko za aina tatu: FFP1 huchuja angalau asilimia 80 ya chembe, FFP2 asilimia 94 na FFP3 asilimia 99. Ya Kimarekani, N95, huchuja angalau asilimia 95. Kwa vumbi la mawe usishuke chini ya FFP2 au N95, na ukiweza kupata FFP3, chukua hiyo. N95 iliyothibitishwa na taasisi ya Marekani ya NIOSH huwa na mikanda miwili ya kuzungushia kichwani. Ukiuziwa yenye kamba za masikioni ikiitwa N95, itilie shaka. Barakoa isiyo na maandishi yoyote ya kiwango usiitegemee, hata ikiwa nene namna gani.

Hata barakoa nzuri haisaidii kama haijashika uso. Mkanda wa juu upite kisogoni juu ya masikio, wa chini upite shingoni chini ya masikio. Bana waya wa puani kwa vidole vya mikono yote miwili mpaka ukae vizuri kwenye mfupa wa pua. Kisha ifunike kwa viganja na upumue kwa nguvu. Ukisikia hewa inatoka kwenye macho au mashavuni, irekebishe upya. (Kama ina vali, yaani kidude cha kutolea pumzi, jaribu kwa kuvuta hewa ndani: inapaswa kunywea kidogo kuelekea usoni.) Na ndevu zinyolewe. Najua wengi hawapendi kusikia hili, lakini hata ndevu za siku mbili tatu zinafungua njia ya vumbi. Kuvaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, hakuzibi njia hiyo.

Usiifue, usiipulize kwa kompresa, wala usiikung'ute kwenye paja ili uivae tena. Ikilowa, ikichanika, ikilegea mikanda au kupumua kukiwa kuzito, itupe. Wakati wa kula iweke kwenye mfuko safi. Ukiining'iniza shingoni, inakusanya vumbi kwa ndani na baadaye unalivuta lote.

Sasa niwageukie wenye karasha na wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu. FFP2 iliyovaliwa sawasawa inakadiriwa kupunguza vumbi unalovuta mara 10 tu. Kama hewa ina silika mara 50 ya kiwango salama, aliyevaa bado anavuta mara tano ya kiwango hicho. Kwa hiyo lianze kupunguzwa vumbi lenyewe: kusaga na kuchoronga (kutoboa miamba) kwa maji, kufunika mashine, kumwagia maji kabla ya kufagia, na kuwapanga watu upande unakotoka upepo. Kisha ndiyo ije barakoa, na gharama yake isikatwe kwenye malipo ya kibarua. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani unasema wazi kuwa hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi.

Barakoa hizi ni za vumbi peke yake. Hazizuii mvuke wa zebaki wakati wa kuchoma dhahabu, wala moshi wa jenereta, wala hazileti hewa ndani ya duara lililokosa hewa. Watu wamekufa maduarani kwa kukosa hewa, kwa hiyo mtu asishushwe huko kwa kutegemea barakoa.

Yapo pia mazoea ya kunywa maziwa baada ya kazi ili kusafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanaenda tumboni, na silika iliyokwisha kuingia mapafuni yanaiacha palepale. Kikohozi kikizidi wiki mbili, ukianza kukonda au kuishiwa pumzi kwenye mwinuko uliouzoea, nenda hospitali na umweleze daktari kwamba unasaga au unachoronga mawe, na kwa miaka mingapi. Dalili za silikosisi zinafanana sana na za kifua kikuu, na mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa pamoja. Daktari asipoijua kazi yako, anaweza kukupa dawa za kifua kikuu zaidi ya mara moja bila kufikiria vumbi.