Penati bila refa

Juzi tena. Jamaa yangu mwenye blogu ya matokeo ya mitihani kanipigia simu usiku: "Kaka, nimekwisha. Google wamenipiga penati." Ni wa nne kuniambia hivyo mwaka huu, na katika hao wanne sijaona hata mmoja aliyepigwa kweli.

Penati, kwa watu wa tovuti, ni hatua inayochukuliwa na mkaguzi wa Google, binadamu, baada ya kuona tovuti yako imevunja kanuni zao. Unashushwa kwenye matokeo ya utafutaji, au unaondolewa kabisa. Basi.

Neno lenyewe ndilo linaloniudhi. Kiingereza kinatumia neno hilohilo kwa faini na kwa mkwaju wa mita 11. Sisi tuligawa: adhabu tuliitoa kwenye Kiarabu, penati ikatujia na mpira. Na mpirani, anayepata penati ndiye anayeshangilia! Hilo nalisamehe. Nisilolisamehe ni kusahau kwamba penati haipo bila refa. Lazima kuwe na faulo, filimbi ilie, mtu aonyeshe kidole kwenye nukta. Hata adhabu, iwe ya viboko au ya kaburi, inamtaka mkosaji na mwenye kumhukumu.

Sasa, wengi wanaopoteza wageni wa tovuti zao hawakuhukumiwa na yeyote. Mara kadhaa kwa mwaka Google hubadilisha namna inavyopanga kurasa zote, na kurasa zako zikajikuta chini ya za wengine. Mwaka 2019 wao wenyewe walilieleza hivi: uliandika orodha ya filamu 100 bora mwaka 2015, ukaipitia upya 2019. Filamu iliyoteremka haikuharibika, zimekuja nyingine. Kiswahili kina maneno ya hayo yote: kushuka, kushushwa, kupitwa. Mwenye kurasa zilizoteremka hivyo kapitwa. Nadhani mkanganyiko ulikolezwa na Panda ya 2011 na Penguin ya 2012, mabadiliko ya programu ya Google yaliyoporomosha tovuti nyingi kwa kishindo, watu wakayaita penati.

Penati yenyewe inafanana na yaliyoipata tovuti ya BMW ya Ujerumani mwaka 2006. Ilikuwa na kurasa zilizotengenezwa kuihadaa mashine ya utafutaji, mgeni akibofya anapelekwa kwingine. Ikaondolewa, nao wakazitoa kurasa hizo kabla ya kurudishwa.

Msidhani nachambua maneno tu. Aliyepigwa penati anaandikiwa: anafungua Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, anakuta taarifa ya hatua iliyochukuliwa dhidi yake na sababu yake, anarekebisha, anaomba kukaguliwa upya. Aliyepitwa hana pa kuombea. Anaangalia ni kurasa zipi zilizoshuka na kwa maneno gani ya utafutaji, anasoma zilizompita, anaziboresha zake, kisha anasubiri, pengine miezi. Nimemwona mtu aliyepitwa akadhani kaadhibiwa, akaenda kununua viungo, yaani kuzilipa tovuti nyingine ziielekeze kwake, ili "ajinasue". Kununua viungo ni faulo. Alikuwa anaitafuta penati kwa fedha yake mwenyewe.

Na wapo wasioadhibiwa wala kupitwa, wamejifungia mlango kwa ndani: fundi kabadilisha mwonekano wa tovuti, akaacha alama ya noindex, inayoiambia Google isiuonyeshe ukurasa, iliyowekwa wakati wa majaribio, au mstari mmoja kwenye robots.txt, faili la maagizo kwa mashine za utafutaji, unaozuia kila kitu. Hapo ni kurekebisha mstari tu, kisha kuomba kurasa zisomwe tena.

Nikamwambia jamaa afungue Search Console. Sehemu ya hatua za wakaguzi: hakuna tatizo lolote. Data zake hurudi nyuma miezi 16, kwa hiyo nikamwomba alinganishe Februari hii na Februari ya mwaka jana, badala ya kuilinganisha na Januari, matokeo ya kidato cha nne yanapotoka na nchi nzima inatafuta jambo moja. Kwenye grafu, mistari ya miaka hiyo miwili ikakaribia kulaliana.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo penati itaisha lini?"

Sema msimu umepita, kaka. Matokeo ya kidato cha sita yanatoka Julai.