Kabla Hujamlipa Wakili wa Shauri la Talaka

Wengi wanaofika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria kwa ajili ya mashauri ya ndoa huja wakiwa wamechelewa. Shauri limeshafutwa, au pesa imeshaliwa na mtu asiye wakili, au nyumba imeshauzwa. Tunajitahidi kusaidia, lakini kuna mambo ambayo yakishaharibika hata wakili hodari hana pa kuanzia. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: kama mgogoro wa ndoa umefika pabaya, muone wakili kabla hujakwenda Baraza la Usuluhishi. Hata kama ni kwa saa moja tu ya ushauri.

Kwa Tanzania Bara, ndoa na talaka zinaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. (Zanzibar ina utaratibu wake, na ndoa za Waislamu huko zinashughulikiwa na Mahakama ya Kadhi, kwa hiyo nitakayoeleza hapa ni ya Bara.) Sheria hiyo hairuhusu mtu kwenda moja kwa moja mahakamani kudai talaka. Mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, liwe la kata au la taasisi ya dini linalotambuliwa kisheria. Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati ya kuthibitisha kwamba limeshindwa. Hati hiyo ndiyo inayoambatanishwa na maombi ya talaka, na isiwe imetolewa zaidi ya miezi 6 kabla ya shauri kufunguliwa.

Hapa ndipo watu wanapoumia. Mabaraza mengine huandika barua tu ya kusema "tunawaruhusu waende mahakamani". Mengine hujigeuza mahakama, yakavunja ndoa na kugawa viwanja, kazi ambayo Baraza halina mamlaka nayo. Wengine huipata hati iliyo sahihi wakaiweka kabatini hadi miezi 6 ikapita. Mahakama ya Rufani imeshafuta mwenendo wa mashauri yaliyokuwa yamesikilizwa na kuamuliwa ngazi za chini, kwa sababu tu hati ya Baraza ilikuwa na kasoro. Miaka ya nauli, mashahidi na vikao ikapotea, wahusika wakarudi mwanzo wakiwa bado mume na mke mbele ya sheria.

Barazani wakili haruhusiwi kukuwakilisha bila idhini ya Baraza lenyewe. Lakini anaweza kukuandaa: ueleze nini, udai nini, na hati utakayopewa uisome vipi kabla hujatoka ofisini kwao. Atakuambia pia kama shauri lako lina msamaha wa kupita Barazani. Sheria inatoa msamaha huo kwa mfano pale mwenza alipokutelekeza na hujui alipo, anapoishi nje ya nchi na hatarajiwi kuingia nchini ndani ya miezi 6, au alipoitwa na Baraza akagoma kwa makusudi. Na kama ndoa yenu haijafikisha miaka 2, kuna kibali cha mahakama cha kuomba kwanza.

Niseme jambo kwa ndugu zetu Waislamu, kwa sababu kila mara tunakutana nalo. Talaka iliyotolewa nyumbani, hata ikiandikwa na kushuhudiwa, haimalizi habari mbele ya sheria ya nchi. Mahakama inaizingatia ikiwa Baraza lilishashindwa kuwasuluhisha na talaka ikatolewa baada ya hapo, kisha yenyewe ndiyo inatoa amri ya kuvunja ndoa na kushughulikia mali na watoto. Mwanamke aliyepewa talaka na kuondoka na begi lake bila kufika mahakamani anaacha haki yake nyuma.

Suala la mali ndilo linalotofautisha wakili mzuri na wa hivi hivi. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja, na kinataja mchango wa fedha, wa mali na wa kazi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983, unaojulikana kwa wanasheria wote kama shauri la Bi Hawa Mohamed, kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango. Lakini kuhesabika hakumaanishi nusu kwa nusu. Mahakama inaangalia kila mmoja amethibitisha nini.

Tuchukue mfano wa mama lishe wa Mbagala. Kiwanja kina jina la mume, mkataba wa mauziano una sahihi ya mume. Yeye alitoa pesa za vikoba (kikundi chake cha kuweka na kukopa) mara mbili, akanunua mifuko ya saruji, akawa anampikia fundi na kumlipa kwa simu. Wakili anayejua kazi yake hatamuuliza tu "mna mali gani?" Atamtaka alete daftari la kikundi, risiti za duka la vifaa vya ujenzi hata zikiwa zimefifia, taarifa ya miamala ya simu, na majina ya fundi na mjumbe wa mtaa wanaoweza kuja kusema walichokiona. Atauliza kila kitu kilipatikana mwaka gani, kabla ya ndoa au ndani ya ndoa. Atauliza pia kama mume ameanza kutafuta mteja wa nyumba. Jibu likiwa ndiyo, kuna kazi ya haraka: kifungu cha 59 cha sheria hiyohiyo kinakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na haki hiyo inaweza kulindwa kwa kuweka zuio kwa msajili wa hati. Wakili asiyekuuliza lolote kati ya hayo siku ya kwanza, akaanza na bei, endelea kutafuta mwingine.

Kuhusu kumtambua wakili halali, msidanganyike na suti wala ofisi. Shahada ya sheria peke yake haimpi mtu ruhusa ya kukusimamia mahakamani. Lazima awe ameapishwa, yumo kwenye orodha ya mawakili, na ana leseni ya mwaka husika. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni wa e-Wakili ambao unaonesha hadhi ya kila wakili, na Chama cha Wanasheria Tanganyika (TLS) nacho kinaweza kukuthibitishia. Ukishindwa mtandao, mwombe akuoneshe leseni; wakili wa kweli haoni tabu. Vishoka, yaani mawakili bandia, wanaozunguka nje ya mahakama ni wepesi wa maneno na wana mihuri ya kila aina. Na yeyote anayekuambia "hakimu ni mtu wangu" anakuingiza kwenye kosa la rushwa. Huyo wa kumpeleka TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa.

Ukiweza, chagua wakili aliye karibu na mahakama itakayosikiliza shauri. Mashauri huahirishwa. Ukimtoa wakili Dar es Salaam kwenda Kahama, kila ahirisho linakuja na nauli na malazi juu yako. Wa karibu ni rahisi hata kumpitia ofisini ukauliza shauri limefikia wapi.

Malipo yaandikwe. Makubaliano yataje kazi anayoifanya ni ipi: kufungua shauri tu, au hadi hukumu, au pamoja na rufaa na utekelezaji wa hukumu. Yataje kama ada za mahakama na usafiri zimo ndani au ni nje ya hapo. Lipa kwa awamu kama mfuko hauruhusu, lakini kila awamu iwe na risiti. Tusione haya kuuliza bei kwa kuwa anayeulizwa ni msomi. Na wakili akitaka kuwasimamia nyote wawili, mume na mke, ili mpunguze gharama, mkatalie. Mtu mmoja hawezi kupigania pande mbili zinazogombana.

Si kila jambo la familia linahitaji wakili. Matunzo ya mtoto yanaweza kuanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, na yasipotekelezwa yakaenda Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Mahakama ya mwanzo nayo ina mamlaka ya kusikiliza shauri la talaka, na watu wengi hujisimamia wenyewe pale, kwa Kiswahili. Lakini kama kuna nyumba, mashamba, biashara, au mvutano wa nani akae na watoto, usiende peke yako. Kwa watoto, mahakama inatanguliza ustawi wao. Aliye chini ya miaka 7 sheria inadhani afadhali abaki na mama, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo, na baba anayetaka kuthibitisha hilo anahitaji ushahidi wa kutosha.

Usipokuwa na uwezo wa kulipa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inakupa pa kukimbilia. TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) wanasaidia mashauri ya familia, na wilaya nyingi zina wasaidizi wa kisheria. Wasaidizi hao watakuelekeza na kukuunganisha na wakili, ila wao wenyewe hawaruhusiwi kukuwakilisha mahakamani wala kukutoza pesa.

Ukishampata wakili, mpe nakala. Cheti cha ndoa, hati ya kiwanja na hati ya Baraza halisi zibaki kwako hadi siku zitakapohitajika mahakamani. Andika tarehe ya kila kikao kwenye daftari lako na uhudhurie hata akikuambia haina haja. Akikacha vikao au akila pesa yako bila kufanya kazi, unayo haki ya kubadilisha wakili wakati wowote, na malalamiko yanapelekwa Kamati ya Maadili ya Mawakili yakiwa na mkataba wenu na zile risiti.