Figo zikishindwa, kwa nini moyo husimama ghafla?

Moyo kusimama ghafla si sawa na shambulio la moyo. Kwenye shambulio, mshipa unaolisha msuli wa moyo umeziba, na mgonjwa kwa kawaida bado ana fahamu na anaweza kukueleza maumivu ya kifua. Moyo unaposimama ghafla, umeme unaouendesha umevurugika au umekatika. Mtu huanguka, haitiki, hapumui au anakoroma kwa vipindi. Kwa wenye ugonjwa sugu wa figo, hasa wanaosafishwa damu kwa mashine (dayalisisi), hiki ni miongoni mwa visababishi vikuu vya kifo.

Chanzo cha kwanza cha kukiangalia ni potasiamu, madini tunayoyapata kwenye chakula. Karibu asilimia 98 yake imo ndani ya seli. Ile kidogo ya kwenye damu inatakiwa iwe kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita, kwa sababu tofauti ya kiasi cha ndani na cha nje ndiyo inayoipa seli ya moyo chaji yake. Figo nzima hutoa kwa mkojo sehemu kubwa ya potasiamu tunayokula, takriban asilimia 90. Figo zikishindwa, inalimbikizana na umeme wa moyo unaanza kwenda kwa kusuasua. Kwenye karatasi ya ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo ambacho mawimbi yake hupewa majina ya herufi, wimbi la T huchongoka kama ncha ya mkuki, P hufifia, kisha QRS hutanuka. Lakini usitegemee mpangilio huo. Kuna mgonjwa mwenye potasiamu ya 7.0 ambaye ECG yake haionyeshi kitu na mwenyewe anasema yuko salama, kisha moyo unasimama. Ndiyo maana kipimo cha damu hakina mbadala.

Potasiamu haifanyi kazi hiyo peke yake. Miaka ya shinikizo la juu la damu, maji kujaa mwilini na upungufu wa damu hunenepesha ukuta wa ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, na kuuacha na makovu, na kovu halipitishi umeme vizuri. Vifaa vya kurekodi mapigo vilivyopandikizwa chini ya ngozi vimeonyesha pia kwamba wengi wa wagonjwa hawa moyo haupapatiki, bali hupunguza kasi mno hadi kunyamaza. Huenda hilo linachangia kueleza matokeo ya utafiti wa ICD2 wa Uholanzi, uliotangazwa 2019: mashine ya kushtua moyo, ikipandikizwa kama kinga kwa watu wa dayalisisi, haikupunguza vifo vya ghafla.

Ratiba ya dayalisisi nayo ina uzito. Kwa anayesafishwa mara tatu kwa wiki, hatari hupanda mwishoni mwa lile pengo refu la wikiendi. Wengi wa Afrika Mashariki husafishwa mara mbili tu, kwa hiyo mapengo yao ni marefu zaidi, na kukosa kipindi kimoja si jambo dogo hata kidogo. Kuharakisha nako kunadhuru. Kasi ya kutoa maji inayozidi mililita 13 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa saa huuchosha moyo. Mtu wa kilo 60 kwa saa nne asitolewe zaidi ya lita 3 hivi, kwa hiyo akija na lita 5 za ziada ni bora aongezewe muda.

Jikoni, dafu ndilo linalowaponza wengi, kwa kuwa linaonekana kama maji tu. Glasi moja ya mililita 240 ina takriban miligramu 600 za potasiamu, zaidi ya ndizi mbivu moja. Viazi vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi, na maji hayo yamwagwe. Chumvi mbadala ya "kupunguza presha" mara nyingi ni kloridi ya potasiamu, mgonjwa wa figo asiiguse.

Kwenye dawa, diklofenaki na ibuprofeni (za maumivu) na Septrin (antibiotiki) hupandisha potasiamu. Losartan, enalapril na spironolaktoni, dawa za presha na moyo, pia, ila hizi zina faida kwa figo au moyo. Usiziache mwenyewe, omba damu ipimwe wiki moja hadi mbili baada ya kuanza au kuongezewa dozi.

Mtu akianguka na haitiki, ita msaada na anza kusukuma katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Wahudumu wakifika, neno la kwanza liwe kwamba ni mgonjwa wa figo, na lini alisafishwa mara ya mwisho. Wakishuku potasiamu watampa kalsiamu kwenye mshipa, inayoulinda moyo ndani ya dakika chache, kisha insulini pamoja na glukosi kuirudisha potasiamu ndani ya seli. Hizo humnunulia saa kadhaa tu, kwani potasiamu yenyewe bado imo mwilini hadi afike kwenye mashine.